Vita vya Miti: Habari za Waamini Waliotubu kwa ajili ya Nchi

Katika kitabu hiki cha Yubile mmekwisha kusoma habari za makanisa yaliyojengwa, za shule zilizofunguliwa, na za watu waliobatizwa tangu siku za kwanza za misioni hata leo. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini neno lenyewe yubile latoka katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 25, na mtu akiusoma mlango huo kwa makini ataona ya kuwa jambo la kwanza linalotajwa humo ni udongo. Nchi yapewa Sabato yake, ikae pasipo kulimwa wala kupandwa. Ndipo habari za mwaka wa 50 zafuata, ambao watu waliojiuza walirudi kwao huru, na mashamba yaliyouzwa yalirudi kwa wenyewe. Tena Waisraeli waliambiwa wazi ya kuwa nchi si mali yao, maana wao ni wageni waliokaribishwa na mwenye nchi. Basi twaona si haki kumaliza sikukuu hii pasipo kuuliza, Je, nchi tuliyokaribishwa sisi i hali gani?

Juu ya kijiji tunachofundisha kuna kilima. Wazee walitusimulia ya kuwa zamani kilima hicho kilikuwa na msitu wa matambiko, wala hapana aliyethubutu kukata humo hata fimbo ya kuchungia. Babu zetu walipobatizwa waliingia na mashoka huku wakiimba, na boriti za kanisa la kwanza zilitoka huko. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulisimuliwa jambo hilo kama ushindi, nasi tulipokuwa walimu tukalisimulia vivyo hivyo. Hapana aliyetukumbusha ya kuwa chini ya msitu ule palikuwa na chemchemi. Siku hizi chemchemi hiyo yatoa maji wakati wa masika tu. Miezi mingine wanawake wa Kikristo, na wa Kiislamu, na wa wale wasiobatizwa, hushuka pamoja mpaka mto wa bondeni, kila mmoja na ndoo yake, wakifuata maji yale yale.

Miaka michache iliyopita wazee wa matambiko na shehe wa msikiti walituma mtu kwetu, wakitaka tukae pamoja tushauriane habari za kilima. Tulikataa. Tulitaja maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya nuru na giza, tukaona tumejibu vema. Tangu hapo tumesoma habari za waamini wa nchi ya Zimbabwe, nazo zimetuchoma moyo. Twaziandika hapa kwa ajili ya wakristo wa sharika zetu, na zaidi kwa ajili ya walimu, ili wapime wenyewe kama jibu letu lilikuwa jibu jema.

NCHI ILIYOGAWANYWA

Zimbabwe iko kusini ya Mto Zambezi. Waingereza walipoitawala waliiita Rhodesia ya Kusini. Katika jimbo la Masvingo yako majengo makuu ya mawe yaliyoipa nchi jina lake la sasa, kazi ya mikono ya Waafrika wenyewe kati ya karne ya 11 na ya 15. Watu wa huko ni Washona. Tangu kale wamemjua Muumba mmoja, wakimwita Mwari, na jina hilo hilo limetiwa katika Biblia ya lugha yao. Lakini katika haja zao za kila siku waliwategemea wazee waliokufa, walinzi wa nchi, ambao kwa imani yao husema kwa vinywa vya watu waliochaguliwa.

Misitu iliyozunguka makaburi ya watawala wao iliitwa marambatemwa, maana yake, mahali pakataapo kukatwa. Mti wa muhacha, ambao watu wengine kwetu huuita mbura, haukuangushwa hata nje ya misitu hiyo, maana chini ya kivuli chake waliomba mvua, na wakati wa njaa walikula matunda yake. Hivyo woga na heshima vililinda mabonde na vyanzo vya maji kwa miaka mingi, pasipo askari wala faini.

Mwaka 1890 walowezi waliingia. Mwaka 1896 Washona waliinuka kupigana nao, wakashindwa, na mwaka 1898 Nehanda, mwanamke aliyekuwa kinywa cha mizimu ya nchi, alinyongwa pamoja na Kaguvi. Hata mwaka 1930 ikatoka sheria ya kuigawanya nchi. Wazungu, ambao wakati huo walikuwa wapatao 50,000, walipewa ekari milioni 49. Waafrika, waliozidi milioni moja, walitengewa ekari zaidi kidogo ya milioni 21 kuwa hifadhi zao, na ekari nyingine milioni saba na nusu kwa wale wachache wenye fedha za kununua. Nyingi za hifadhi hizo zilikuwa na udongo wa kichanga na mvua haba. Msomaji akumbuke hesabu hii, maana mengi tutakayosimulia yametoka kwayo. Watu na ng'ombe waliposongana mahali padogo, miti ikaisha, nyasi zikaliwa hata mizizi, na mvua ilipokuja ikauchukua udongo.

Serikali ya wakati ule ilipouona udongo ukienda ilitoa amri: chimbeni matuta ya kukinga maji, punguzeni ng'ombe, msilime kando ya mito. Sheria ya mwaka 1951 ilikaza zaidi amri hizo. Nyingine zilikuwa za akili kabisa, na mkulima ye yote mwenye busara angaliweza kuzikubali. Lakini zilitoka kinywani mwa yule yule aliyetwaa mashamba mazuri, naye aliwalazimisha watu kuyachimba matuta kwa jasho lisilolipwa. Basi kuutunza udongo kukahesabiwa kuwa kazi ya mkoloni, na mtu aliyekata mti penye marufuku alijiona ameipinga serikali. Huo ndio ubaya wa amri njema itolewayo na mkono mbaya: watu hutupa amri pamoja na mkono.

Nao wamisionari walikuwa na sehemu yao, wala hatupendi kuificha, kwa kuwa ni sehemu yetu sisi pia. Walifundisha ya kuwa msitu wa makaburi ni makao ya giza. Walitaka kuwatoa watu katika kuwaogopa wafu, na hilo lilikuwa lengo jema. Lakini walipouondoa woga wa mizimu hawakuweka mahali pake kicho cha Mungu aliyeumba mti. Mkristo mpya akauona msitu kuwa kuni tu.

Vita vya ukombozi vilianza mwaka 1966, vikaisha mwaka 1979, na tarehe 18 Aprili 1980 nchi ikapata uhuru. Katika vita hivyo, huko vijijini, watu wa mizimu na manabii wa makanisa walifanya kazi upande mmoja pasipo kupatana katika imani. Wale wa mizimu waliwaonyesha vijana wa msituni njia na maficho kwa jina la wazee wa nchi, na manabii waliwaombea na kuwaonya kwa jina la Roho Mtakatifu. Amani ilipokuja, bendera ilipandishwa, lakini vilima vya Masvingo vilikuwa uchi. Watu walirudi, wakajenga, wakafyatua matofali na kuyachoma, wakafungua mashamba mapya hata ukingoni mwa mito. Nchi waliyoipigania ilikuwa ikiondoka na maji mbele ya macho yao.

WAZEE NA MANABII

Karibu na yale majengo ya mawe iko misioni ya Morgenster, iliyoanzishwa mwaka 1891 na wamisionari wa Kanisa la Kiholanzi la Afrika ya Kusini. Huko alikulia Marthinus Daneel, mwana wa wamisionari, aliyezaliwa mwaka 1936. Alikisema Kishona tangu utoto, na alipokuwa mtu mzima aliandika sana juu ya makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, yaani ya Zayuni, na ya Mitume, na mengineyo, ambayo wamisionari wengi waliyadharau. Alikaa katika mikutano yao, akala chakula chao, na mwaka 1972 aliwasaidia viongozi wao kuanzisha chama cha kufundishana elimu ya dini, kwa jina la Fambidzano. Baada ya vita aliona ya kuwa mashauri ya vyuo hayataiponya nchi pasipo watu ambao wanavijiji huwasikiliza. Nao ni akina nani? Ni watawala wa jadi, na watu wa mizimu, na manabii.

Mwaka 1988 watawala, watu wa mizimu, na baadhi ya wapiganaji wa zamani walifanya chama chao cha kuitunza nchi, kilichojulikana kwa herufi AZTREC. Walisema, Tulipigana vita ya kwanza kwa mikuki, na ya pili kwa bunduki, tukaipata nchi. Lakini nchi tuliyoipata ni mgonjwa, basi sharti tupigane vita nyingine. Vita hiyo wakaiita vita ya miti. Askari wake walikuwa wakulima, na silaha zake zilikuwa jembe na mche.

Makanisa yaliposikia yalitaka kuingia kazini, lakini yakakutana na swali lile lile lililotukwaza sisi. Watawala hupanda miti kwa tambiko: pombe humwagwa chini, wazee waliokufa huarifiwa, miche hutolewa mbele yao. Mkristo aliyekataa mambo hayo katika ubatizo wake atasimama wapi? Wengine walisema, Tusiende kabisa. Wengine walisema, Twende, tufumbe macho. Waliokuwa na hekima hawakufuata hawa wala wale. Mwaka 1991 makanisa yalifanya chama chao wenyewe, AAEC, ndugu wa kile cha watawala, na kila kimoja kikabaki na ibada yake. Vitalu vya miche, magari, na mashauri ya kazi vilikuwa chini ya ofisi moja mjini Masvingo. Watawala walipopanda, maaskofu walikuja kama wageni, wakaketi kwa heshima pasipo kushiriki tambiko, kisha wakashika majembe. Maaskofu walipopanda, watawala nao walikuja, wakasikiliza mahubiri, kisha wakashika majembe. Madhabahu zilikuwa mbili, na mashimo yalichimbwa pamoja.

Hata ulipofika msimu wa 1991 na 1992, mvua ilikataa katika nchi zote za kusini mwa Afrika. Hapana mzee aliyekumbuka ukame kama ule. Bwawa kubwa la Mutirikwi, karibu na mji wa Masvingo, lilikauka karibu lote, na mashamba ya miwa yaliyolitegemea yakafa. Ng'ombe walianguka malishoni. Katika taabu hiyo maneno ya vyama vile viwili yalisikika zaidi, na makanisa yaliyojiunga yakaongezeka mwaka kwa mwaka, hata yakazidi 100.

USHIRIKA WENYE MICHE

Sasa twataka kusimulia jinsi makanisa hayo yalivyopanda, kwa maana hapa ndipo penye fundisho kubwa. Walisoma katika Waraka kwa Wakolosai, mlango wa kwanza, ya kuwa vitu vyote viliumbwa kwa njia ya Kristo na vyote vyashikamana katika yeye. Wakafikiri, Ikiwa ni hivyo, basi mti nao washikwa na Kristo, na mtu auharibuye ovyo amegusa kazi ya mkono wake. Kwa hiyo waliiunganisha kazi ya kupanda na Meza ya Bwana.

Siku ya kupanda miche ililetwa mahali pa ibada, watu wakaizunguka kwa nyimbo na kucheza. Baada ya mahubiri yalifuata maungamo. Watu hawakuungama ulevi na wivu na ugomvi peke yake. Kila mmoja alipita mbele ya manabii akasema dhambi alizoitendea nchi. Huyu alisema, Nimekata miti mibichi nisipande hata mmoja. Mwingine alisema, Nimelima mpaka ukingoni mwa mto, na maji yameuchukua ukingo. Mwingine alisema, Nimekokota gari lisilo na magurudumu, lile la gogo lenye panda livutwalo na ng'ombe, nikapita njia ile ile kila siku hata ikawa korongo. Maaskofu nao waliungama mbele ya watu wao, wala hawakujificha nyuma ya majoho.

Yafaa kueleza uzito wa maungamo haya. Kwa Washona, kama kwa watu wetu wengi, hapana dhambi ichukizayo kuliko uchawi, maana mchawi huua watu wa nyumba yake. Manabii wale walifundisha ya kuwa mtu aharibuye nchi kwa makusudi ni mchawi, kwa kuwa anawaua watoto wasiozaliwa bado. Yule aliyezoea kucheka faini ya serikali hakuweza kulicheka neno hilo. Sheria ilikuwa imemwita mkosaji mbele ya hakimu wa mbali. Neno la nabii lilimtaja mbele ya mama yake na watoto wake.

Baada ya maungamo walipokea mkate na divai, na wengi walisogea mezani huku mche mkononi. Kisha walitoka kwa maandamano mpaka shambani. Askofu alinyunyiza maji yaliyoombewa juu ya udongo, iwe ishara ya kuosha na kuponya, na ibada hiyo waliiita maporesanyika, yaani kuiponya nchi. Ndipo kila mtu akapanda mche wake akisema nao maneno ya baraka. Wagonjwa nao walipanda, kisha wakawekewa mikono. Hivyo uponyaji wa mtu na uponyaji wa udongo ulifanywa siku moja, mahali pamoja.

Miche ilikuwa ya namna nyingi. Ilikuwapo miti ya asili, kama mukamba, ambao pwani yetu huuita mbambakofi, na muhacha wa heshima. Ilikuwapo ya matunda kwa ajili ya watoto. Ilikuwapo mikaratusi ya kujengea, ili watu wapate boriti pasipo kuingia tena katika misitu ya makaburi. Wanawake walifanya vyama vyao vya vitalu, na shule zikapewa miche. Katika miaka kama kumi na miwili hivi watu wa vyama hivyo walihesabu miche waliyoipanda kwa mamilioni.

MAMBO YALIYOWASHINDA

Msomaji asidhani twasimulia habari za malaika. Kwanza, walishambuliwa kwa maneno. Wakristo wengine walisema, Maaskofu hawa wamerudi katika matambiko. Na katika watu wa jadi wengine walisema, Makanisa yamekuja kutwaa kazi ya wazee. Maaskofu walijibu ya kuwa jirani yako akizima moto nyumbani mwako humwulizi kwanza jinsi asalivyo. Hata hivyo maneno hayakwisha, na ndani ya vyama vyenyewe walikuwako waliokuwa na mashaka.

Pili, miche mingi ilikufa. Siku ya kupanda ilikuwa na ngoma na umati, lakini siku ya kumwagilia haikuwa na ngoma. Mbuzi waliingia penye ua dhaifu. Mchwa walikula mizizi. Ukame ulikausha mashamba mazima. Walijifunza kwa hasara ya kuwa kupanda ni kazi ya siku moja, na kulinda ni kazi ya miaka, nayo haipigiwi makofi.

Tatu, magari na mishahara na mipira ya maji vilitegemea sana fedha za ng'ambo. Baada ya mwaka 2000 mashamba makubwa ya walowezi yalitwaliwa kwa haraka na kwa fujo, na fedha ya nchi ikaporomoka, hata mwanzoni mwa mwaka 2009 noti moja iliandikwa dola trilioni 100. Wafadhili waliondoka na kazi ikapungua sana. Vita ya miti ilipungukiwa na mali kabla haijapungukiwa na askari. Hili nalo ni fundisho: kitalu kisichoweza kuishi kwa mbegu zilizookotwa na watoto, na kwa maji yaliyotekwa na wenyeji, kimejengwa juu ya mchanga.

Lakini hatuwezi kusema ya kuwa kazi ilipotea. Watu waliokuwa wamefundishwa na mkoloni kuuchukia utunzaji walifundishwa na manabii wao kuupenda. Na jambo ambalo vyuo viliona gumu, yaani kuwaketisha mchungaji wa Kristo na mzee wa mizimu katika shauri moja pasipo ye yote kuiuza imani yake, lilifanyika katika vijiji vya wakulima wasio na vyeo.

NASI JE?

Katika miaka ile ile wakubwa wa dini nao walianza kuliona neno hili. Tarehe 29 Septemba 1986, katika mji wa Assisi nchini Italia, Wabuddha, Wahindu, Waislamu, Wayahudi na Wakristo walikutana kwa mwaliko wa shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, lililotimiza miaka 25. Hawakuandika tamko moja la mchanganyiko. Kila dini ilisema kwa kinywa chake na kwa maandiko yake kwa nini uumbaji ulindwe. Twaona ya kuwa njia yao ilikuwa ile ile ya Masvingo.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Magharibi ya Pemba kiko kisiwa kidogo cha Misali. Wenyeji husimulia ya kuwa Nabii Hadhara aliwataka wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe, kielekeacho Makka, ndicho kitakuwa msala wake. Mwaka 1998 Misali iliwekwa kuwa mahali pa hifadhi, na baadaye wavuvi walikumbushwa kwa mafundisho ya dini yao ya kuwa mwanadamu ni khalifa, yaani mlinzi aliyeachiwa amana, na kuiharibu bahari ni kuivunja amana hiyo. Na katika pwani ya Kenya misitu ya Kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Katika Kaya Kinondo, kwa Wadigo, wazee wengi walinzi wa msitu ni Waislamu waendao msikitini, wala mtu haingii humo pasipo kufuata adabu ya mahali. Waislamu wenzetu wamekwisha kuanza. Wenye jadi hawakuacha kamwe. Sisi ndio tuliosimama pembeni na maneno ya Mtume Paulo mkononi.

Tumeyafikiri tena maneno hayo ya Mtume. Twaona alikataza ushirika katika ibada ya sanamu, wala hakukataza kuchota maji kisima kimoja. Bwana wetu mwenyewe aliketi kisimani pa Sikari, akamwomba maji mwanamke Msamaria, ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake. Hakusali katika mlima wao, tena alimwambia kweli juu ya kusali. Lakini kiu yake hakuificha. Kama yeye hakuona haya kusema ana kiu, sisi tuna fahari gani?

Kwa hiyo kabla ya kuandika maneno haya tulikwenda kwa mzee mkubwa wa wale waliotuma mtu kwetu zamani. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba. Tukamwambia ya kuwa babu zetu walikata msitu wa kilimani, nasi tuliwafundisha watoto kushangilia jambo hilo, na sasa tumekuja kukiri. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, Mwalimu, hata wajukuu wangu wamechoma mkaa kule juu, wala hawakubatizwa. Sote tuna deni. Akamtuma mtoto amwite shehe.

Mashauri yaliyotoka katika kikao hicho ni madogo, nasi twayaweka hapa ili walimu wa sharika nyingine wayapime. Kilima kitagawanywa sehemu tatu, kila jamaa walinde yao, na kila mwaka watazamane kazi. Sisi tutafanya maungamo yetu kanisani kwa desturi yetu, Waislamu watafundishwa msikitini kwa desturi yao, na wazee watasema na watu wao kwa namna waijuayo. Miche itakuwa ya miti ya asili ya hapa, kwa mbegu zitakazookotwa na watoto wa shule, pasipo kungoja fedha ya mtu. Hautahesabiwa mche uliopandwa, ila ule utakaokuwa hai baada ya miaka mitatu. Na mbuzi atakayekamatwa kilimani atalipiwa na mwenyewe, hata akiwa mbuzi wa katekista.

Enyi walimu, msomapo habari hizi darasani, watoeni watoto nje. Waonyesheni ukingo ulioliwa na maji, na shina la mti uliokatwa na babu zao, na chemchemi kama ipo. Waulizeni ni nani waliokunywa hapo zamani, na ni nani watakaokunywa hapo katika Yubile ijayo, baada ya miaka 50. Nanyi wakristo wa sharika, hesabu za ubatizo zilizoandikwa katika kitabu hiki ni za watu, na kila mmoja wao alibatizwa kwa maji. Mwenyezi Mungu, mwenye nchi, atujalie kuwa wageni wenye adabu katika nyumba yake. Amina.